Siku tatu, huna gari: Udzungwa, Amani, Magamba au Kitulo?

Safari nyingi za kundi letu hufia WhatsApp. Mmoja anatuma picha ya simba wa Mikumi, wengine wanashangilia, tarehe inapangwa, halafu anajitokeza mwenye kikokotoo: gari la kukodi siku tatu, mafuta, posho ya dereva, gawanya kwa watu sita. Wawili wanajitoa kimyakimya. Hesabu inagawanywa upya kwa wanne, inapanda, na wa tatu anakumbuka ghafla kwamba shule zinafunguliwa na ada haijalipwa. Safari imezikwa hapo.

Nimekaa na hesabu hizo mara nyingi hadi najua zinapouma. Si kiingilio. Mtanzania anayefika getini kwenye hifadhi hizi zisizovuma analipa elfu chache tu, haifiki elfu kumi, na kuna sehemu mjini chipsi kuku inazidi hapo. Kinachoumiza ni gari. Mikumi au Tarangire utaonea wapi tembo bila gari? Basi la mkoani halitakuzungusha porini. Ndipo nikaanza kugeuza swali: ni wapi gari halina kazi? Wapi unashuka kwenye basi na begi lako mgongoni, unajaza kitabu cha wageni, na kuanzia hapo ni miguu yako tu?

Kwa ninavyojua, majibu ni manne. Udzungwa, kule Mang'ula. Amani, juu ya Muheza. Magamba, Lushoto. Na Kitulo, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Udzungwa na Kitulo ni hifadhi za taifa, ziko chini ya TANAPA. Amani na Magamba ni hifadhi za mazingira asilia, ziko chini ya TFS, wakala wa misitu. Kwa mgeni tofauti hiyo haina uzito sana, ila ujue ni milango miwili, na kibali cha huku hakikuingizi kule. Kote malipo ni kwa kontroli namba, kwa simu au kadi. Usiende na noti mfukoni ukidhani utamkunjia askari.

Saadani na Mkomazi nimeziacha makusudi. Saadani ina kitu ambacho hakipatikani pengine nchini, tembo na Bahari ya Hindi katika hifadhi moja, na Mkomazi ina faru weusi na mbwa mwitu umbali mfupi tu kutoka Same mjini. Zote mbili nazipenda. Lakini zote mbili zinataka gari, na gari ndilo tunalolikimbia.

Anza na kalenda

Watu huchagua kwa picha. Mimi naanza na sikukuu, kwa sababu hifadhi hizi zinabadilika sana kwa mwezi.

Sabasaba na Nane Nane ni kiangazi. Udzungwa inakuwa kavu, njia hazitelezi, nyani wanaonekana vizuri. Amani nayo inatulia kidogo, ingawa Amani mvua haiombi ruhusa mwezi wowote. Lushoto ni baridi lakini angavu. Kitulo wakati huo ni baridi ya kung'ata mifupa, ukungu, na nyasi kavu: asubuhi za Juni na Julai utakuta sakitu imeganda juu ya majani. Mtu akikupeleka Kitulo mwezi wa saba kuona maua, huyo hajawahi kufika.

Maua ya Kitulo ni kuanzia Desemba hadi Aprili, maana yake Krismasi, Mwaka Mpya na mara nyingi Pasaka. Na hapo ndipo mgongano ulipo: miezi inayoipamba Kitulo ndiyo inayoharibu njia. Huwezi kupata ua na vumbi kwa pamoja. Udzungwa wakati wa masika, Machi hadi Mei, miteremko inakuwa sabuni. Sisemi haiwezekani. Nasema utarudi na suruali ya rangi nyingine.

Udzungwa: kwa wenye magoti

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina kilometa za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara ya magari. Hiyo ndiyo sifa yake kuu kwangu. Tajiri mwenye V8 na mwanafunzi aliyeshuka kwenye basi la Ifakara wanapanda mlima uleule kwa njia ileile, na mara nyingi mwanafunzi ndiye anayetangulia kufika.

Kufika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mabasi ya Dar kwenda Ifakara yanapita Mang'ula, makao makuu ya hifadhi, kilometa kama 60 baada ya kuiacha barabara kuu pale Mikumi. Ukitaka kukwepa foleni ya kutoka Dar, chukua SGR hadi Morogoro, uendelee na basi kutoka hapo. Na kwa wanaopenda reli ya zamani, Tazara ina kituo Mang'ula. Upande mmoja wa barabara kuna mashamba ya miwa ya Kilombero, tambarare kama mkeka. Upande wa pili mlima umesimama wima, msitu kuanzia chini kabisa hadi kwenye mawingu. Msitu wa namna hiyo, usiokatika kutoka bondeni kwenye mita 250 na ushee hadi juu ya mita 2,000, Afrika Mashariki umebaki mahali pachache sana.

Njia zinatofautiana sana, na hapa ndipo wengi wanakosea. Ipo ya Prince Bernhard, iliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi, chini ya saa moja, hata bibi anayetembea na mkongojo wa heshima tu anaimudu. Ipo ya Sonjo, ya saa mbili hivi. Ipo ya Sanje, na hii ndiyo watu wanayokuja kuifuata: maporomoko ya mita 170, kupanda na kushuka kwa mzunguko wa saa nne. Halafu ipo ya kilele cha Mwanihana, kilometa 38, siku tatu na kulala msituni mara mbili. Hiyo ya mwisho si ya kundi la WhatsApp. Hiyo ni ya watu waliokwisha kufanya mazoezi.

Nikae kidogo kwenye Sanje, maana ndiyo itakayoamua. Mwanzo ni mwinuko tu, ngazi za udongo zilizozuiwa kwa magogo, na joto la bonde linakusindikiza. Dakika ishirini za mwanzo kila mtu ana maneno. Baada ya hapo unasikia pumzi na mlio wa hondohondo juu, mabawa yake yakivuma kama mtu anayekung'uta turubai. Askari wa hifadhi anatangulia na bunduki, kwa sababu tembo na nyati wanapita humo humo, na kinyesi cha tembo utakiona kwenye mteremko ambao wewe umeupanda kwa mikono. Namna tembo anavyopita pale sijapata kuielewa. Kati ya maporomoko yale kuna vidimbwi ambamo unaruhusiwa kuoga. Maji ni baridi, na ukisimama ukingoni unaliona bonde lote la Kilombero likiwa limelala chini, miwa ikikatwa kwa mistari, na reli kama uzi. Nimewaona watu wazima wakinyamaza hapo kwa dakika tano nzima bila kushika simu.

Wanyama wake si wa kuhesabu kwa makumi. Ni wa kutafuta. Mbega mwekundu wa Iringa yupo, na yupo mangabe wa Sanje, nyani wa kijivu ambaye wanasayansi walikuja kumtambua mwaka 1979 ilhali wenyeji wa vijiji vya chini walikuwa wakimsikia miaka yote. Asubuhi mapema ndiyo wakati wake.

Ubaya wake: joto na mbu. Mang'ula iko bondeni, bonde la Kilombero lina malaria, hivyo chandarua ni lazima. Na siafu. Chomeka suruali ndani ya soksi kabla, usisubiri kuambiwa na wadudu wenyewe. Mwenzetu mmoja alisimama kupiga picha juu ya msafara wao. Alivua suruali mbele ya watu kumi na mbili na hakuna aliyemcheka mpaka jioni.

Chakula si tatizo. Wali wa Kilombero na samaki wa mtoni, sahani inayojaa, kwenye mgahawa wowote kando ya barabara.

Amani: kwa wenye macho

Ukiwauliza watu wa Dar kuhusu Amani wengi watakutajia bendi au redio. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo nchini, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ni ndogo, hekta 8,380, lakini sijaona mahali ambapo mita mia moja za njia zinachukua muda mrefu kiasi hicho, kwa sababu kila hatua mwongozaji anainama.

Unapanda basi la Tanga, unashuka Muheza, unatafuta basi dogo la kupanda Amani. Barabara inapita kwenye mikonge na michungwa, kisha inaanza kupinda. Geti liko Zigi, chini, na kituo cha wageni kimekaa kwenye nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani. Reli yenyewe haipo tena. Ukiendelea juu kama kilometa kumi unafika Amani kwenyewe, na hapo hali ya hewa inabadilika: unavaa sweta.

Historia ya mahali hapa ingetosha makala nzima. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, pamoja na mkwinini kwa ajili ya dawa ya malaria. Waingereza wakairithi, baadaye shughuli za kilimo zikahamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikabaki na utafiti wa malaria. Bustani ile ya mimea bado ipo, miti mirefu isiyo na jina la Kisambaa kwa kuwa haikuzaliwa pale. Mmoja wao, Maesopsis, ulitoroka bustanini ukavamia msitu, na sasa ni kero kwa wahifadhi. Kwa upande wa pili, ua dogo la urujuani ambalo Wazungu wanaliweka kwenye vyungu madirishani lilitoka huku: ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na likapewa jina lake. Huku utalikuta limejibana kwenye jiwe lenye unyevu, dogo kuliko ulivyotarajia.

Lakini kinachonirudisha Amani ni usiku. Msitu huu hauna tembo wala simba, hivyo unaweza kutoka na mwongozaji na tochi baada ya chakula. Hutaona chochote kwa dakika kadhaa. Kisha mwongozaji anamulika kijiti kilekile ulichokipita mchana, na pale mwishoni kabisa, amejikunja mkia kama skrubu, kinyonga amelala. Usingizini rangi yake inapauka, kwa hiyo kwenye mwanga wa tochi anang'aa karibu mweupe. Ukishamwona mmoja, macho yanazoea. Unamwona wa pili, wa tatu, na chura mdogo wa mtini anayelia kwa sauti isiyolingana na mwili. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga kuliko nyoka. Dada yangu mkubwa alisimama hatua nne nyuma usiku ule wote, akimulika kwa mbali na kusoma dua. Kesho yake ndiye aliyekuwa na picha nzuri kuliko zote.

Mchana njia ni za upole. Kilima cha Mbomole kinapandika bila kusimama mara nyingi, na juu unaona chai imetandikwa chini yako kama zulia lililochanwa. Vijijini wanalima iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, nawe utanunua kwa mkulima mwenyewe. Ukiwa na watoto wa umri wa shule ya msingi, usifikirie mara mbili: ni hapa. Ukiwa na mzazi anayetembea taratibu, ni hapa pia.

Kasoro? Barabara ya kupanda ikinyesha inakuwa utelezi na basi linaweza kuchelewa au kuishia njiani. Acha nafasi ya nusu siku kwenye ratiba. Na ukiwa mtu wa kutaka maporomoko makubwa, vilele na picha za kutisha watu, utaona Amani imetulia mno. Kuna rafiki yangu aliitazama asubuhi nzima akaniuliza, "Sasa kivutio kiko wapi?" Alikuwa amesimama ndani yake.

Kitulo: ukweli kwanza

Kitulo ndiyo nzuri kuliko zote nne. Naanza na hilo ili ninachosema baadaye kisieleweke vibaya.

Ni uwanda wa juu, kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilometa za mraba 412 na ushee, na katika Afrika ya tropiki ndiyo ya kwanza kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Aina 350 za mimea zimeandikwa, 45 kati yake ni okidi za ardhini. Kilichosukuma kuilinda si watalii, ni chikanda. Viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa mamilioni na kuvushwa Zambia, wanakovipika kama kitoweo, na uwanda ulikuwa unabaki na mashimo. Ukifahamu hilo, unapomwona askari akimkemea kijana anayeinamia ua, unaelewa.

Januari unatembea kwenye uwanda usio na mti, upepo tu, na rangi zinabadilika kila unapovuka kilima: njano huku, zambarau kule, halafu nyekundu ya kijiti kimoja kimoja. Inabidi upige magoti. Okidi nyingine ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani ya huo ukucha kuna midomo na madoadoa. Tandawala, ndege wakubwa wa uwandani, wanatembea mbali kama wazee wanaokwenda kikaoni. Upande wa msitu wa Livingstone yupo kipunji, nyani aliyeingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tayari, usitegemee kumwona.

Sasa ukweli wenyewe. Kutoka Dar, basi la Mbeya linakushusha Chimala baada ya siku nzima. Pale unatafuta gari la kupanda Matamba, kwa barabara maarufu ya kona 57. Zimehesabiwa, na dereva atakuhesabia. Noah imejaa watu, magunia na kuku mmoja asiyependa safari. Upande mmoja ukuta, upande wa pili uwanda wa Usangu uko chini sana hadi unaacha kuutazama. Unalala Matamba, kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, na usiku unaomba blanketi la tatu. Kutoka hapo kwenda uwandani bado ni safari, na wasio na gari wanapatana na bodaboda wa kuwapeleka na kuwafuata. Inawezekana. Mimi nimefanya. Lakini kwa mtu wa Dar mwenye siku tatu, siku mbili zinaishia kwenye kiti cha basi.

Kwa mtu wa Mbeya, Njombe, Makambako au hata Iringa, hesabu inageuka kabisa. Kwenu Kitulo ni ya mwisho wa wiki tu, na nashangaa kila ninapokutana na mtu aliyezaliwa Mbeya ambaye hajaipanda.

Chukua: koti zito, kofia ya sufu, koti la mvua, mabuti ya mvua. Jua la huko linaunguza bila kukuambia kwa sababu ya baridi. Viazi mviringo vya Matamba, vikichemshwa tu na chumvi, ni sababu nyingine ya kwenda.

Magamba, kwa ufupi

Magamba naieleza haraka kwa kuwa ndiyo rahisi. Basi la moja kwa moja Dar hadi Lushoto, au shuka Mombo upande kilometa 33 za lami yenye kona, ukipita Soni. Msitu unaanza kilometa chache tu juu ya mji, bodaboda inatosha. Mbega weusi kwa weupe wapo karibu na barabara, njia zipo za saa mbili na za siku nzima, na hewa ni ya kulala na blanketi.

Nguvu yake ni mji. Ukichoka na msitu kuna Irente, mwamba unaotazama nyika ya Umasaini chini yako, jibini na mkate wa shamba, soko lenye pichi, peasi na matunda damu msimu ukifika. Ukiwa na mwenzi asiyependa kutembea, mpeleke Lushoto. Yeye akae kwenye kibaraza na chai, wewe uende msituni, mkutane saa nane mchana bila kugombana.

Udhaifu wake ni huohuo. Mji umekaribia mno. Msitu wenyewe, ukitoka Amani, unauona umepita haraka.

Ukibaki kati ya mbili

Udzungwa au Amani? Jiulize unataka kurudi ukisema nini. Ukitaka kusema "nilipanda", Udzungwa. Ukitaka kusema "niliona", Amani. Zote ni misitu ya milima ya Tao la Mashariki, misitu mikongwe iliyokaa mbalimbali kama visiwa kiasi kwamba kila mlima una viumbe wake. Lakini Udzungwa inakuonyesha ukubwa wake kwanza, Amani inakulazimisha kuinama. Kwa mtoto wa miaka saba, Sanje ni ndefu na utaishia kumbeba. Kwa kijana wa chuo, Amani siku ya pili ataanza kutafuta mtandao.

Amani au Magamba? Swali ni malazi na barabara. Magamba ina lami mpaka mlangoni na nyumba za kulala za kila mfuko. Amani ina nyumba za wageni za hifadhi na chache nyingine, na ukifika bila kupiga simu mwishoni mwa wiki ya sikukuu unaweza kukuta zimejaa watafiti. Ukiwa mtu wa kupanga mapema, Amani. Ukiwa mtu wa kuamka Ijumaa na kuamua, Magamba.

Kitulo haishindani na yoyote. Ina msimu wake na watu wake. Isubirie Desemba, omba likizo ya siku tano, nenda.

Na kama una siku moja tu, acha vyote hivi. Panda daladala hadi Pugu, tembea kwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi hadi kwenye mapango ya zamani ya udongo mweupe wenye popo, urudi Kariakoo kabla ya magharibi. Mtu wa Morogoro ana Uluguru nyuma ya nyumba: asubuhi moja inatosha kupanda Morningside na kurudi kula mchana mjini.

Gharama nisiwadanganye kwa kuandika bei ambazo zitabadilika kesho. Nitasema mpangilio wake tu. Kwa mtu wa Dar, Magamba na Amani zinakaribiana, nauli ndiyo sehemu kubwa. Udzungwa inazidi kidogo kwa sababu mwongozaji au askari ni lazima, lakini mkiwa kundi ada hiyo inagawanyika, nayo ni afadhali mara kumi kuliko gari la kukodi. Kitulo inazizidi zote kwa nauli na kwa usiku wa ziada njiani.

Kundi letu lilipiga kura juzi. Sabasaba ni Amani, watu tisa, na safari hii hakuna aliyejitoa baada ya hesabu kutoka. Dada ameuliza tu kama matembezi ya usiku ni ya lazima, na kama kinyonga akiangukia mtu kichwani anatolewaje.